Mjomba Kasimiri na Kicheko cha Mama

Usiku ule wa kuamkia Jumamosi nililala nimenuna, na mimi nikinuna nanuna kweli, nyumba nzima inajua. Ugali sikuugusa. Kamera niliitundika kwenye msumari juu ya kitanda, na ndani yake ilibaki nafasi ya picha moja tu. Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa siku ya shindano.

Nilieleze kwanza hilo shindano. Hapa Morogoro tuna kikundi cha watu wachache tunaopiga picha kwa kamera za filamu, zile za zamani, ambazo ukishabonyeza huoni kitu mpaka uioshe filamu kwa dawa. Watu wanatuona tumechanganyikiwa, na hatubishi. Kila mwezi tunapeana mada moja. Siku yenyewe ikifika tunakutana kwa Bakari, fundi simu, mwenye chumba kisichopitisha mwanga hata chembe. Tunaosha pamoja, tunatundika picha kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, chini ya kila picha tunaweka kikombe, na kila mtu anatumbukiza punje yake ya hindi kwenye kikombe cha picha iliyomgusa. Mwenye punje nyingi ndiye anayechagua mada ya mwezi unaofuata. Zawadi hakuna, ila anapata ruhusa ya kutamba mwezi mzima, na hiyo inatutosha.

Mwezi uliotangulia alishinda Bakari kwa picha ya mlango, na wakati wa kutaja mada mpya alinitazama mimi usoni. "Kicheko," akasema. "Tumwone dada Resti atafanyaje, maana kwenye picha zake watu wote wanakaa kama wanasubiri majibu ya hospitali." Wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli, na katika shindano lile sikuwahi kushinda hata mara moja.

Ila nisiseme uongo, punje za mahindi sizo zilizonikosesha ugali. Ilikuwa ni mama. Mama yangu akicheka mtaa mzima unajua kwamba Mama Resti amecheka. Anarusha kichwa nyuma, pengo lake la mbele linaonekana lote, na aliyekaa karibu naye ajiandae kupigwa kofi la bega. Mwonyeshe kamera sasa. Anakauka, kidevu juu, mikono magotini, macho ya askari wa zamu. Hakuna picha hata moja duniani ambayo mama anacheka ndani yake.

Na kwetu tunajua uchungu wa jambo hilo. Mjomba Kasimiri, kaka yake mama, alikuwa na studio karibu na soko. Alipiga harusi na komunio za mji huu miaka nenda rudi, na ndiye aliyenifundisha mimi kushika kamera. Alipofariki tukatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, hatukupata. Aliyepiga watu wote, hakuna aliyempiga yeye. Tukaikuza ile ya kitambulisho, na mjomba wangu, mtu mcheshi kama yule, akazikwa akiwa na sura ya mtuhumiwa. Iliniuma sana ile picha. Nikajiapiza kwamba mama haondoki hivyo.

Basi filamu karibu yote niliimalizia kwake. Nilimpiga akipika, akisuka ukili, akiongea na jirani. Nilimtolea vichekesho vyangu vyote. Kila nikiinua kamera na kuhesabu moja, mbili, tatu, ikifika tatu mama kashageuka sanamu. Ijumaa jioni nikamwuliza kwa ukali ana nini.

"Mwanangu," akasema, "nikiliona hilo jicho linanitazama, nakumbuka dhambi zangu zote."

Nikamwambia basi abaki hivyo hivyo, nikaenda kulala.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nilikuwa natembea kuelekea sokoni, na hakukuwa na jua wala giza, mwanga tu umetulia juu ya milima ya Uluguru. Pale ilipokuwa studio ya mjomba siku hizi wanauza chakula cha kuku. Lakini nilipofika mlango ulikuwa umepakwa rangi ya bluu tena, na nikasikia ile harufu ya dawa za kuoshea picha. Nikasukuma mlango.

Mjomba Kasimiri yupo. Amevaa koti lake la kijivu, anapangusa lenzi kwa ncha ya shati. Nyuma yake limening'inia lile pazia lililochorwa ndege na maporomoko ya maji. Najua kabisa kwamba amekufa, na yeye anajua kwamba najua, na jambo hilo halitusumbui wala yeye wala mimi.

"Shikamoo mjomba," nasema.

"Marahaba. Umechelewa, watu wanasubiri."

Nageuka. Benchi limejaa. Ni marehemu wa mtaa wetu, wamevaa nguo zao nzuri, wamechana nywele, wametulia kama watu wanaojua kwamba zamu yao itafika. Bibi yangu yupo mwisho wa benchi na kitambaa chake cha kanisani. Wananitazama, na natambua kwamba wote wamekuja kupigwa picha na mimi.

Mjomba ananipa kamera, anakaa kwenye kigoda. "Anza na mimi," anasema.

Nakaza macho, namweka sawa, nahesabu. Moja. Uso wa mjomba unaanza kuganda. Mbili. Macho yanakufa. Tatu, nabonyeza, na sasa hatupo tena mbele ya pazia, tupo chumba cha giza, taa nyekundu inawaka, karatasi inaelea kwenye sinia la dawa na sura inajitokeza polepole. Ni ile ile ya kitambulisho. Ni mtuhumiwa yule yule. Wale wa benchi nao wameingia, wamejibana ukutani, nasikia wanaguna mmoja mmoja. Nalia. Nalia kwa hasira, kwa sababu nimepewa nafasi ambayo hakuna mwanadamu anayepewa, nami nimeiharibu.

Mjomba hanibembelezi. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kubembeleza mtu kazini.

"Unahesabu," anasema. "Ukimhesabia mtu, anajiandaa. Anayejiandaa anajificha."

Anachukua kamera mkononi mwangu. Pazia limerudi, na mbele yake amesimama msichana mdogo mwenye gauni jeupe la komunio na mshumaa mkononi. Kidevu juu, macho ya askari wa zamu. Namtambua kabla sijaona uso vizuri. Ni mama. Mjomba anainua kamera, anainama, anasogea mbele, anarudi nyuma, anafanya mbwembwe zote za wapiga picha. Halafu anaishusha mpaka kifuani, anapumua, anasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Haya Agata, nimemaliza. Shuka."

Na mama yangu mdogo analegea. Mabega yanashuka, mshumaa unapinda, anauliza, "Kaka, nimetoka vizuri?" na kabla hajajibiwa kicheko kinamtoka, kichwa nyuma, meno yote nje. Kidole cha mjomba kinabonyeza pale pale kifuani, bila kuangalia. Kale kamlio kadogo kanasikika. Benchi zima linapiga makofi.

Mjomba ananirudishia kamera, anakaa tena kwenye kigoda, anatengeneza kola. Naelewa. Naweka kamera jichoni, nazunguka, najikunja, naikaza lenzi. Kisha naishusha. Neno ninalotaka kumwambia marehemu ni zito.

"Mjomba," nasema, "nimemaliza."

Ananitazama. Kitu kinamtoka usoni, kama mtu aliyetua mzigo. Halafu kinaanza kile kicheko nilichokuwa nimekisahau, kinachoanza kwa kikohozi kidogo, kinashuka tumboni na kupanda tena mpaka machozi. Nabonyeza.

Vigelegele. Bibi yangu ndiye anayeanza, wenzake wanadaka. Ukuta wa studio haupo, tupo barabarani, na picha imekwishaoshwa, imekuwa kubwa kuliko mlango, inabebwa na watu wanne mabegani, mjomba anacheka ndani yake mji mzima unaona. Tarumbeta zinapiga kama za harusi. Mjomba mwenyewe yuko mbele ya msafara, anatembea kinyumenyume huku anatupiga picha, hajikwai hata mara moja. Bakari naye sielewi ametokea wapi, amekuja na gunia zima la mahindi, ananimiminia kwenye kikombe, mahindi yanafurika mpaka tunatembea juu yake. Natamba. Sijawahi kutamba vile maishani mwangu. Naimba, nacheza, naonyesha watu, "Mjomba wangu yule, mjomba wangu yule."

Kisha tarumbeta zinanyamaza. Barabara ni nyeupe, wale wengine wametangulia, tumebaki mimi na yeye.

"Nataka niende nayo hii," namwambia.

"Hii haitoki huku." Anaigusa kamera kifuani pangu. "Iliyobaki humo ni ya nani?"

"Ya mama."

"Sasa umekaa huku unafanya nini?"

Nikaamka.

Mto ulikuwa umelowa na mashavu yaliniuma, kwa hiyo nadhani nililia na kucheka vyote pamoja. Kulikuwa kumekucha. Uani nikasikia maharage yanachambuliwa kwenye ungo, na mama anajisemesha mwenyewe. Nikaichukua kamera msumarini, nikatoka na khanga ya kulalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamka na hilo jicho lako." Na papo hapo akaweka ungo chini, akanyoosha mgongo, mikono magotini.

Sikuhesabu. Nikainua kamera, nikasogea, nikachuchumaa, nikageuza lenzi mpaka nikamwona barabara, nikajifanya nabana pumzi. Kisha nikaishusha mpaka kifuani, nikasema, "Basi mama, nimemaliza."

"Umemaliza? Filamu yote?"

"Yote. Sitakusumbua tena."

Akashusha pumzi ndefu. "Afadhali," akasema, akauvuta ungo wake. "Maana jana ulivyovimba, nikasema huyu akila ugali juu ya hiyo hasira atapasuka, tuanze kumwokota vipande." Akajichekesha mwenyewe. Kichwa kikaenda nyuma, pengo nje, khanga ikateleza begani, maharage yakamwagika, na mkono ukaja kunipiga kofi. Kidole changu kikabonyeza.

Alikisikia kile kimlio. Akasimamisha mkono hewani.

"We Resti. Si umesema umemaliza?"

"Nimetumwa, mama."

"Na nani?"

"Na Mjomba Kasimiri."

Nikamsimulia yote, pale pale chini, tukiokota maharage. Nilipofika kwenye gauni la komunio aliacha kuokota. Akasema, "Mwongo mkubwa yule. Ndivyo alivyonifanyia siku ile ile, nikamfukuza na mshumaa mpaka nje. Na picha yenyewe ilipotea tulipohama, sikuwahi kumwambia mtu." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. Nilitaka kumkumbatia, lakini kwetu hatuna mazoea hayo asubuhi, nikamwongezea maharage kwenye ungo.

Jumapili nilimchukua nikaenda naye kwa Bakari. Alikataa kuingia chumba cha giza, akasema harufu yake inamkumbusha mbali, akakaa mlangoni na chai yake. Ndani mimi nilisimama nimeinamia sinia sipumui. Na filamu haina huruma, ungeweza kukuta nimekata kichwa au nimepiga dari. Kwanza likaja pengo. Halafu jicho moja limefumba, halafu mkono unaokuja na kofi umefifia kwa kasi, halafu maharage angani. Bakari alikuwa pembeni yangu kwenye taa nyekundu, akaenda mwenyewe kunitafutia kibanio.

Tulipozitundika kwenye kamba, yeye ndiye aliyetangulia kutumbukiza punje kwenye kikombe changu. Wengine wakafuata mmoja mmoja, hakuna aliyepita hata kwenye kikombe chake mwenyewe. Nilijitahidi niwe mnyenyekevu, nikashindwa, nikapiga kigelegele mpaka wapita njia wakachungulia.

Mama akainuka mlangoni, akaja mpaka kwenye kamba, akasimama mbele ya picha. Kikombe cha chai kilikuwa bado mkononi mwake. Akaitazama kwa muda mrefu, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Kumbe hii ndiyo sura mnayoiona nyie kila siku?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, mama."

Akanywa chai yake funda moja, hakuiacha ile picha kwa macho.

"Basi mnafaidi," akasema.