Mama Sindano na Safari ya Neno Nesi

Mtaa mzima ulimwita Mama Sindano, na yeye alilipenda jina hilo kuliko cheti chake cha unesi. Alistaafu juzijuzi kutoka wodi ya watoto, akarudi kukaa nyumbani na mumewe, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mtu mwenye maradhi yake yasiyo na dawa: huwezi kumtajia neno asikueleze lilikotoka.

Neno alilolipenda zaidi lilikuwa hilo la kazi ya mkewe, nesi. Alianza kulisimulia tangu siku za uchumba. Waingereza, alisema, walilichukua kwa Wafaransa, nao walilirithi kwenye Kilatini, na huko mwanzoni lilikuwa la mwanamke anayenyonyesha mtoto wa mwenzake. Baadaye likawa la yaya yeyote. Ikapita miaka mingi ndipo likahamia kwa anayehudumia wagonjwa, na sare na mitihani vikaja mwisho kabisa.

"Kwa hiyo nimesoma miaka yote ile ili niwe yaya?" Mama Sindano alikuwa akimuuliza.

"Sijasema hivyo, mke wangu. Nimesema neno limesafiri."

"Basi na wewe safiri uende dukani, chumvi imeisha."

Ndivyo walivyopendana, na ukidhani huo ni ugomvi, basi hujakaa na watu.

Siku moja Mwalimu alipanda kiti kufuata kamusi juu ya kabati, kiti kikayumba, naye akaja chini mzima mzima. Alirudi kutoka hospitali mikono yote miwili imefungwa plasta hadi vidoleni, lakini kiburi chake hakikupata hata mkwaruzo. Kuoshwa alikubali kwa kufumba macho. Kulishwa akakataa katakata. Aliagiza sahani iwekwe chumbani, akafunga mlango kwa kisigino, akainamia chakula peke yake, kisha akatoka na supu kwenye ndevu na njaa ileile tumboni. Akaanza kukonda. Kikaja kizunguzungu. Daktari hakumung'unya maneno: asipokula vizuri, wiki ijayo analazwa.

Mama Sindano akatumia ufundi wa wodini. Alikaa mbele yake, akajaza kijiko, akaachama yeye kwanza kama alivyozoea kufanya mbele ya watoto, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Haya baba, tunakula kidogo tu."

Mwalimu akageuza uso. "Usinifanye mgonjwa wako. Watoto wa wodini walipata nesi. Mimi nilioa mke."

Maneno hayo yalimchoma Mama Sindano. Alikwenda jikoni akalia, kwanza kwa hasira, kisha kwa woga, maana alishaona wazee wakilazwa kwa jambo dogo wasirudi. Hakuwa tayari kumpoteza mzee huyu msumbufu. Alimpenda, basi.

Aliporudi, supu ilikuwa imeanza kupoa. Hakuwa na mpango wowote kichwani, amechoka tu. "Na hilo neno lako," akafoka, "Wafaransa ndio waliolichukua kwa Waingereza! Likaanza na wagonjwa, ndipo likaenda kwa mayaya..."

"La! Ni kinyume cha..."

Mwalimu alikuwa ameachama, na mkono uliolisha watoto wa watu miaka nenda rudi haukungoja ruhusa. Kijiko kikaingia. Mwalimu akameza, wakatazamana.

"Umenionea," alisema.

"Malizia kunisahihisha." Kikaingia cha pili.

Tangu hapo kila mlo ulikuwa na uongo wake. Mama Sindano aliapa kwamba neno daktari hapo zamani lilikuwa la mchinja mbuzi. "Uongo mtupu! Lilikuwa la mwalimu!" mzee akang'aka, akameza kwa fahari. Alijua fika anachezewa. Alisahihisha, akala, na sahani zikaanza kurudi jikoni tupu.

Jioni moja Mama Sindano akachoka kudanganya. Alikaa kitako, bakuli mapajani, akalisimulia lile neno la kazi yake tangu mwanzo: Kilatini, ziwa la mama, Wafaransa, Waingereza, mayaya, wagonjwa, kila kitu mahali pake. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho akitafuta kosa, asilipate. Hakuwa na la kusahihisha.

Akafungua kinywa hivyo hivyo, akangoja kijiko.