Rota Chini ya Mtungi

Enzi zetu pale Bariadi, soko huria lilipoingia, maduka yaliyokuwa na sabuni na viberiti tu yalijaa plagi na koili za magari kwenye maboksi ya kung'aa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori yao, na baba yangu akaacha kumwamini mtu. "Vitu vimekuwa vingi," alisema, "na wezi nao vivyo hivyo."

Kila jioni alifungua boneti ya pikapu yake kuukuu, akachomoa rota, kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi. Alikifunga kwenye kitambaa akakificha asikotuambia.

Asubuhi pikapu ilikohoa, ikanyamaza. Sisi watoto tuliisukuma hadi mteremkoni, vumbi mdomoni, petroli puani. Vijana wa leo hatua kumi tu wanaita bodaboda! Jua likipanda, iliwaka bila shida, na hilo ndilo lililomtia baba wasiwasi zaidi: kitu kibovu hakijitengenezi chenyewe.

Fundi wake alikuwa Masanja, rafiki yake tangu wakichunga ng'ombe pamoja Nkoma. Alisugua pointi za umeme kwa msasa, akabadilisha plagi, akapima koili. Kesho yake, yale yale. Baba akamwambia mbele ya watu waliopanga foleni ya pamba, "Masanja, umetoa koili yangu nzima ukaniwekea mbovu."

Masanja alifuta mikono, akaondoka. Niliumia sana, maana ndiye aliyetuletea matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, mfukoni, na hakuja tena.

Wiki ya pili, mama alihamisha mtungi wa maji uliokuwa ukivuja. Chini yake alikuta kitambaa kimelowa chepechepe, rota ikiwa ndani.

"Baba Kulwa, umemshuku kila mtu isipokuwa mtungi wangu."

Mama aliikausha kando ya jiko. Pikapu ikawaka mara moja.

Baba alinipakia tukaenda kwa Masanja. Hakuinuka.

"Mwangaluka," baba alimsalimu.

"Mwangaluka. Zima gari kwanza."

Baba alizima, akachomoa rota, akamwekea kiganjani. "Kaa nayo wewe." Tangu siku hiyo aliipeleka kwake kila jioni, akaifuata kila asubuhi.

Leo fundi kijana huchomeka kompyuta kwenye gari langu bila hata kuchafua kucha, nami namsimamia hadi amalize, nisije nikaibiwa. Nyumbani nafunga geti kwa kufuli mbili. Nimewapitia majirani wote kichwani, mmoja mmoja. Sijampata wa kumwachia funguo.