Mishale Kwenye Sakristia

Alhamisi moja nilikuwa nafua vitambaa vya altare nyuma ya nyumba yetu ya masista. Mdogo wangu Chacha akaja na baiskeli kuniletea maziwa, na maneno yake yale yale.

"Shikamoo, Sista. Yesu anakuja lini na ng'ombe wangu?"

Ulikuwa utani wenye mzizi. Kwetu Wakurya, ng'ombe wa mahari ya dada ndio humpatia kaka yake mke. Nilipoingia utawani, Chacha alibaki mikono mitupu. Alibeba mizigo ya malori mpakani Sirari miaka sita ndipo akamwoa Robi. Baba aliingia kaburini hajanisamehe. Chacha alinisamehe mapema, akabaki kunichokoza tu.

Wakati huo ukoo wetu na ule wa ng'ambo ya kijito ulikuwa vitani, kwa sababu ya malisho na wizi wa mifugo. Sote tulikuwa parokia moja, vigango viwili, kila ukoo na kanisa lake dogo. Jumapili tunapokea komunyo ile ile, katikati ya wiki tunazika.

Nilikuwa katibu wa kamati ya haki na amani ya parokia. Tulikubaliana kwamba wanaume wa kila upande walete pinde na mishale kwenye kigango chao, ifungiwe sakristia, chumba cha mavazi ya misa, halafu tufanye misa ya pamoja ya upatanisho. Paroko alitoka mkoa mwingine na wanaume hawakumsikiliza. Akaniomba niseme mimi, binti yao. Nilijivuna, siwezi kuficha. Miaka yote sisi wanawake tulifagia kanisa, tukalipamba, tukawapikia wageni wake. Sasa neno langu lingezima vita.

Jumapili, kwenye kigango chetu, kabla ya matangazo, paroko aliniita pembeni. "Sista, wa ng'ambo wameshaleta. Bado ninyi."

Nikasimama mbele na kutangaza hivyo. Chacha akainuka kutoka benchi la nyuma.

"Dada, hiyo mishale yao umeiona kwa macho yako?"

Nilimtazama paroko. Alikuwa anapanga karatasi zake.

"Nimeiona," nikasema.

Kwangu mimi neno la padri lilitosha kuwa macho. Ndivyo nilivyofundwa tangu unovisi. Jioni ile ile Chacha alikuwa wa kwanza kuleta podo lake, wengine wakafuata. Niliapa mbele yao kwamba mlango hautafunguliwa kabla ya misa. Ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na msalaba.

Jumamosi asubuhi nilisikia yowe kutoka upande wa kijito.

Nikatoka nje. Nyumba za kule chini zilikuwa zinawaka.

Wanawake walikuwa wanapanda mlima na watoto mgongoni. Nyuma yao niliona pinde.

Wanaume wetu hawakukimbilia makwao. Walikuja kanisani.

"Fungua, Sista!"

Nilifungua. Nimeungama mengi tangu siku ile. Hilo sijaliungama.

Nilimtafuta Chacha katika kundi lile. Hakuwemo.

Wanaume wetu walipowarudisha wavamizi ng'ambo, tulimkuta Chacha shambani kando ya kijito, amelala kwenye udongo uliokuwa umetoka kulimwa. Mshale ulikuwa ubavuni. Mkononi alishika fimbo ya kuswagia ng'ombe wa plau, basi. Robi alikuwa hai, amejificha katikati ya mihogo, alikosukumwa na mumewe. Polisi walifika mchana. Tulizika watu wanne.

Paroko alikuja kuwazika. Baada ya maziko nilimfuata nyuma ya nyumba.

"Padri, mishale ya ng'ambo uliiona?"

"Waliniahidi, Sista."

"Uliniambia wameshaleta."

"Nilidhani ninyi mkianza, wao wataona aibu. Na mialiko ya misa ilikuwa imeshatoka."

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alijua ndugu zangu wananiamini, akauchukua uaminifu huo akautumia bila kuniuliza.

Nilidhani mama mkuu wa shirika letu atasimama nami. Alinishika mikono akaniambia nisiwakwaze waamini, tumwombee paroko. Baadaye paroko alihamishwa kimya kimya. Hakuna aliyewauliza neno wajane wale, na barua niliyomwandikia askofu kueleza yote haijajibiwa mpaka leo.

Siku ya tatu baada ya maziko nilikwenda kwa Robi. Alikuwa anapepeta ulezi, hakuacha.

"Sista, wewe uliiona?"

"Hapana."

Ungo ulisimama.

"Asubuhi ile niliogopa kushuka shamba la kijitoni," akasema. "Chacha akaniambia, twende, dada ameiona."

Nikakaa pale mpaka akamaliza ulezi wake, kisha nikaondoka.

Bado ni mtawa. Nadhiri zangu sikuzirudisha, maana sikuwa nimempa paroko wala mama mkuu. Walinisaliti, na hasira hiyo ninayo bado, inaamka nikisikia neno upatanisho likitamkwa kirahisi kwenye mimbari. Lakini paroko hakusema "nimeiona." Nilisema mimi, kwa mtu ambaye tayari alikuwa amepoteza mengi kwa ajili ya wito wangu.

Robi siku hizi anasali na Wasabato. Tukikutana mnadani ananiuliza habari za afya, ananiita Bhoke, jina langu la nyumbani. Hajaniita Sista tena, na sijapata ujasiri wa kumwomba aniite hivyo.