Mkataba Juu ya Uhuru wa Bibi

Enzi zetu, nyie mliokulia mtaa wa Deira mtanikumbusha nikisahau, nyumba ilikuwa na paa la kuchezea. Alasiri tunapanda na sahani ya vitumbua, sakafu bado ina joto la mchana, nyayo zinatuungua, na hakuna anayetaka kushuka.

Huko ndiko Bibi, mama yake baba, alikotuhadithia kwa Kiunguja chake jinsi Mwingereza na Mfaransa walivyoandikiana kwamba watauheshimu uhuru wa Sultani wa Unguja na wa Maskati. "Wenyewe masultani hata hawakuitwa," anamalizia, huku akicheka mpaka kanga inamdondoka.

Basi tukaufanya mchezo. Binamu zangu wawili wakubwa walikuwa Mwingereza na Mfaransa. Mimi sultani wa upande wa tangi la maji, mdogo wangu sultani wa upande wa kamba za nguo. Wakubwa wanapeana mikono, wanatangaza kuwa tuko huru, kisha wanakula vitumbua vyetu. Tukilalamika, tunaambiwa mkataba haukutaja vitumbua. Watoto wa leo wangeuliza kwanza mchezo huo unapakuliwa wapi.

Mwaka huo Ami, mdogo wake baba, akapata nyumba yenye bustani Hatta, huko milimani mbali na mji. Yeye na baba wakaanza kumgombea Bibi. Mimi nilikuwa nikilala naye chumba kimoja, na nikimwazia akiondoka nilikosa hamu hata ya kula. Ijumaa moja wakapatana sebuleni: asilazimishwe mtu, Bibi ana uhuru wake, atabaki Deira. Nikaruka kwa furaha.

Bibi akatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Mshapatana juu ya uhuru wangu? Na mimi mbona sijaitwa?"

Akakung'uta unga mikononi.

"Nakwenda Hatta. Nataka kupanda mchicha wangu."

Nililia siku mbili. Alinifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Lia, mjukuu wangu. Lakini nakwenda." Nilimkasirikia, na sijapata kumpenda mtu kama nilivyompenda siku ile.

Leo naishi mtaa mpya wa Silicon Oasis. Wanangu huulizwa kila kitu, chakula gani, rangi gani ya chumba, na nafurahi kwamba wanaulizwa. Bibi yao, mama yangu, wanamwona kwenye simu. Wakishasalimiana, khalas, wanarudi kwenye michezo yao. Wana bahati kuliko sisi. Ila hawajui kukimbia nyuma ya gari linaloondoka na bibi yao mpaka pumzi ziwaishie, kama nilivyolikimbilia gari la Ami.