Mabaka Chini ya Boti ya Shemeji

Wanamwita Fundi Tumbo, naye ni mwembamba kama mpini wa ufagio. Jina limetokana na kazi yake: hupaka rangi matumbo ya boti, sehemu ile inayokaa majini ambayo abiria haioni. Alianza na kuta za nyumba, akachoka. Asubuhi mwenye nyumba anataka kijani, jioni mkewe anataka rangi ya maziwa. Siku aliyokuja kwenye karakana yetu kuomba kazi, aliniambia pale dirishani pa stoo, "Chini ya boti nani atabishana nami?"

Hakujua kwamba atabishana na shemeji yake.

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, ana boti ya kuvusha abiria, kubwa kuliko zote tunazozihudumia. Kila mwaka hupandishwa nchi kavu, ikasuguliwa, ikapakwa rangi ya shaba. Rangi hiyo ni nzito. Ukibeba kopo lake unainama upande mmoja. Ikishakuwa majini huachia shaba yake kidogo kidogo, na mwani na vile vidudu vya magamba vinavyotafuta pa kung'ang'ania huona hapakaliki, vikaenda zao. Boti iliyo safi chini huteleza. Iliyoota magamba huburuza, injini ikanguruma bure na mafuta yakaisha njiani.

Basi mwaka mmoja boti ya shemeji ilipopandishwa ilikuwa safi kweli, ukipitisha kiganja kinateleza, isipokuwa mabaka machache ubavuni, kila moja kama sahani. Hapo magamba yalikuwa yamepandana, makali, yamebanana kama vikombe kwenye kabati la bibi harusi. Na kila mwaka yalikuwa palepale.

"Shemeji," kaka mtu alisema akiizunguka boti, mikono mgongoni, "hawa wapangaji uliwaandikia mkataba? Maana hata chumba hawabadilishi."

"Rangi ya safari hii ilichakachuliwa," Fundi akajibu.

"Na ya mwaka jana?"

"Hiyo nayo."

"Haya. Mimi nakuvumilia kwa ajili ya dada yangu. Lakini mwakani nikiwakuta tena hawa, boti inakwenda karakana ya ng'ambo. Usije ukasema sikukwambia."

Maneno hayo yalimnyima Fundi raha. Wenye boti wengine walimtazama shemeji: anapopeleka yeye, nao wanapeleka. Boti ile ikiondoka, kazi yote imeondoka.

Akaenda kumfokea muuza rangi, mama mmoja anayevaa miwani kifuani zaidi kuliko machoni. Yule mama alimwacha amalize.

"Baba, rangi ikiwa mbovu ni mbovu kopo zima. Yangu imefanya kazi ubavu mzima, kisha igome penye sahani tu?"

 Fundi akanunua kopo la bei kubwa zaidi, lenye shaba nyingi zaidi, akarudi nalo na hasira zilezile.

Aliyeona ni mkewe. Alileta chakula mchana, akatafuta pa kutundika kikapu, akakitundika kwenye gadi, moja ya yale magogo yanayoegemeza boti isilale ubavu. Akachungulia.

"Baba watoto, hapa nyuma ya gogo unapaka saa ngapi?"

"Wakiondoa magadi."

"Wanayaondoa lini?"

"Siku ya kushusha boti."

"Halafu inakauka saa ngapi?"

 Miaka yote Fundi alikuwa akikimbia na brashi huku boti imeshaanza kuteleza, anapachika rangi pale palipokuwa na gogo, na boti inaingia majini rangi ikiwa mbichi. Kwake yeye alikuwa amepaka. Maji yalikuwa yakiiosha siku hiyohiyo.

"Umekuja kunilisha au kunihoji?" akasema. Chakula hakukigusa.

Karakana yetu ina mpaka wake: fundi wa rangi hagusi gadi, na watu wa magadi hawagusi brashi. Mkuu wao tunamwita Winchi. Fundi akamwomba asogeze magadi, sehemu zile zipakwe na zikauke kabla ya kushusha.

"Unajifanya hujui kazi ya kusogeza gadi?" Winchi akasema. "Na kuna boti nyingine inangoja. Kesho."

Kesho ikawa kesho nyingine, hadi siku ya maji makubwa ya kushushia boti ikafika, na shemeji akaja akiwa amewaahidi abiria safari.

"Tusubiri," Fundi akasema.

"Nisubiri nini? Maji yakipungua boti inabaki hapa mpaka yajae tena hivi. Abiria utawabeba mgongoni?"

"Mabaka yatarudi."

"Si ndiyo kazi yako yasirudi?"

Magadi yakatolewa. Fundi hakukimbia na brashi. Aliitupa kwenye ndoo, maji machafu yakamrukia suruali.

Mwaka uliofuata mabaka yakarudi, shemeji akatimiza ahadi yake. Wenzake wakamfuata ng'ambo mmoja mmoja. Fundi akabaki na vimashua vya mtu mmoja, akimgombeza kila anayepita karibu na ngazi yake. Nyumbani jina la shemeji halikutajwa.

Mwaka huu boti ile imerudi kwetu, maana ng'ambo nafasi zimejaa. Ilipopandishwa, zile sehemu za zamani zilikuwa safi. Hatua chache mbele ya hapo, mabaka mapya, magamba yaleyale.

"Shemeji," kaka mtu akasema kwa sauti ya chini, "wamehama."

"Hawajahama. Kule ng'ambo magadi wanayaweka mbele kidogo."

Shemeji akalitazama gogo, akalitazama baka, akarudi kwenye gogo.

"Kumbe mwaka ule…"

"Nilikwambia tusubiri."

"Ulisema tusubiri! Kwa nini tusubiri, ulisema?"

"Winchi ndiye hakutaka kuyasogeza," Fundi akasema. Sababu yenyewe hakuwa ameitaja mwaka ule. Angesemaje, bila kusema kwamba miaka yote alikuwa akipachika rangi mbichi?

"Twende kwa huyo Winchi," shemeji akasema.

Winchi alikuwa anakunywa chai. Hakuinua uso. "Kesho."

Shemeji akavuta kreti, akakaa mbele yake. "Niko hapahapa mpaka usogeze hayo magadi."

Fundi naye akavuta la kwake. Akafungua kopo, akaanza kukoroga. Shaba ilikuwa imetuama chini, nzito, imeshikana, na fimbo ilikuwa haitaki kuzunguka.