Kambi ya Bwana Sabuni

Ninayo siku moja, mwanangu Rehema, isiyonitoka kichwani hata nifanye nini. Ni ile asubuhi Mheshimiwa Waziri alipokaa kitako kwenye majivu kando ya jiko langu, na suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi, akacheka peke yake. Leo baada ya chakula uliponionyesha ile video kwenye simu yako, siku hiyo imenirudia yote. Ndiyo maana sikucheka. Ukadhani baba yako mkubwa macho yamechoka, ukanisogezea simu mpaka puani. Niliiona, mama. Niliiona mara ya kwanza.

Nimemwona bosi wako, yule mama wa hapo Croydon ambaye kila Jumapili unanihadithia kwamba akipita ukumbini watu wanaficha vikombe vyao vya chai. Ametoka kwenye hema asubuhi, mswaki mkononi, hana wigi. Kichwa kitupu, hakina hata unywele mmoja. Kampuni yenu iliwapeleka kulala msituni siku mbili ili mzoeane, na wewe mazoea yako ndiyo hayo, kumrekodi mwenzako kutoka nyuma ya zipu ya hema, kisha kuwatumia watu watatu wa ofisini mpate kucheka. Nimekuuliza, yeye anajua? Ukanijibu kwa hicho Kiingereza chako cha mbio kwamba hujui, ila tangu Jumatano hajaonekana kazini. Ukaongeza kwamba ni utani tu.

Haya. Weka mkoba chini. Mabasi ya kukurudisha kwako Thamesmead yapo mengi, hutalala hapa. Na usinikunjie uso, mimi nimekubeba mgongoni ulipokuja likizo Muheza ukiwa na miaka mitatu, ukanikojolea shati jipya, na sijamwambia mtu mpaka leo.

Wewe unanijua kama mzee aliyeletwa Uingereza na binti yake nesi, anayelalamikia baridi na mkate wa hapa. Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu nilikuwa mpishi, na si mpishi wa hivi hivi. Nilipikia nyumba ya Mhindi mmoja tajiri pale Dar es Salaam, mwenye kiwanda cha sabuni, na mji mzima ulimwita Bwana Sabuni. Mtu mfupi, mwenye sauti kubwa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Huyu bwana alipata kuona kwenye gazeti la zamani picha za matajiri wa Amerika, wenye viwanda vikubwa, waliokuwa wakifunga safari za kwenda kulala porini kwa mahema. Walibeba meza ya kulia chakula, majokofu na watumishi, na mara nyingine hata rais wa nchi alikuwa pamoja nao, anapasua kuni. Bwana Sabuni aliipenda picha ile akaikata, akaibandika ofisini kwake.

Akasema na sisi tutakwenda. Ila alikuwa na neno lake. Alisema wale matajiri walikosea kitu kimoja, walikwenda na wapiga picha wa magazeti nyuma yao. Mtu anapasua kuni huku anageuza shavu lipigwe picha, huyo amepumzika wapi? Kwenye kambi yake kamera ilikuwa marufuku.

Basi kila mwaka kiangazi kikifika tulipakia lori. Mahema, vitanda vya kukunja, jokofu la mafuta ya taa, masufuria yangu, kuku wawili watatu wanapiga kelele njia nzima. Tulikwenda mpaka nyanda za Iringa, kando ya mto, mahali penye baridi ya kukufanya umkumbuke mama. Wageni walikuwa wanane hivi, mawaziri, wakubwa wa mashirika, wenye viwanda. Lah, mwanangu, laiti ungewaona! Pale penye kuingilia kambini palikuwa na sinia juu ya kigoda. Kila mtu alivua saa akaiweka, na pamoja na saa aliacha cheo. Hakuna Mheshimiwa, hakuna Mkurugenzi. Kila mmoja alitaja jina aliloitwa utotoni kijijini kwao, na kwa siku tano ndilo aliloitwa, hata na sisi watumishi. Bwana Sabuni alikuwa Bonge. Na yule waziri, ambaye redioni sauti yake ilitufanya tukae wima, pale aliitwa Kijiti.

Kila mtu alikuwa na kazi. Bonge alisugua masufuria kwa sabuni ya kiwandani kwake, na masizi yakigoma alitukana mafundi wake wote kwa majina. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kijiti yeye aliomba jikoni, kumenya viazi. Alikuwa akikaa kwenye kibao karibu na mafiga, kisu mkononi, ananihadithia habari za mama yake, ganda linatoka refu bila kukatika. Nilimpenda yule mzee. Nakwambia kweli tupu, nilimpenda kama baba, na siku zile tano nilizingoja mwaka mzima.

Asubuhi moja ya mwaka wa tatu, nilikisogeza kile kibao nipate kufagia. Hatua mbili tu. Kijiti akaja, akanisabahi, akageuka akakaa pale kibao kilipokuwa jana. Akaanguka kwenye majivu. Nikamkimbilia, "Pole mzee, pole sana!" Akacheka. Kisha akanishika hapa kwenye kiwiko.

"Athumani," akaniambia, "macho yangu yanakwenda. Sikioni kibao. Wewe mwenyewe nakujua kwa sauti na harufu ya vitunguu."

Akanieleza hapo hapo, sisi wawili tumekaa chini. Mwaka wa pili sasa hawezi kusoma. Mkewe humsomea hotuba mara tatu nne, naye anaishika yote kichwani, na ile karatasi anayoishika mbele ya watu anaishika tu. Daktari ametaja upasuaji nje ya nchi, yeye anaogopa, na anaogopa zaidi watu wakijua. Kisha akajipangusa majivu, akaniomba viazi vyake, akamenya kama kawaida. Nadhani hata aliimba kidogo.

Sasa sikiliza baba yako mkubwa alivyokuwa mjinga. Tumerudi mjini, wiki ya pili, niko kwa kinyozi Kariakoo nangoja zamu. Redio inasema, na mwenye sauti ni yeye. Jamaa mmoja pale akamsifu, akasema mtu huyu anasoma hotuba kama anakunywa maji. Na mimi, mpishi, niliyekuwa nakaa na wakubwa na hakuna anayejua, roho ikaniwasha. Nikataka waone kwamba Athumani anajua mambo. Nikasema, "Anasoma nini? Ile karatasi ni pambo. Haoni hata kibao cha kukalia." Nikawaigizia alivyoanguka. Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine. Walinipisha kwenye kiti, nikanyolewa kwanza.

Sikuwa na chuki naye, Rehema. Hata chembe. Wewe pia huna chuki na yule mama, najua. Ulitaka wenzako wacheke, na waone kwamba wewe ndiye uliyeona. Mimi kicheko kile kilinikolea, nilitembea mpaka nyumbani kifua mbele.

Haukupita muda, palikuwa na mkutano wa hadhara. Nilikwenda, nimevaa shati la mikono mirefu, mtu wangu anahutubia. Akasema vizuri sana. Alipomaliza, kijana mmoja akapanda jukwaani na karatasi, akamkabidhi. "Mheshimiwa, tusomee hizi kero zetu, wananchi wasikie." Akaipokea. Akaishika mbele ya uso wake. Yule kijana akapiga kelele kwenye kipaza sauti, "Umeishika kichwa chini!"

Uwanja mzima ukacheka. Nilikuwa katikati yao, na mtu wa pembeni yangu alinipiga bega, nicheke. Yule mzee alisimama na karatasi yake, anaigeuza, halafu anaigeuza tena. Mkewe ndiye aliyepanda akamshika mkono akamteremsha. Nilitamani ardhi inimeze. Haikunimeza, nikatembea mpaka nyumbani.

Uwaziri uliisha mwezi ule. Kiangazi kilichofuata niliyaanika mahema, nikayatia viraka, nikangoja. Bwana Sabuni hakutoa amri ya kupakia lori. Nilipomuuliza aliniambia tu, "Wamekataa kuja, Athumani. Kila mmoja ana lake la kuficha." Ile picha ya Wamarekani aliibandua mwenyewe.

Nilikaa na jambo lile miaka sita. Miaka sita! Nilioa, nikapata mtoto, nikabadilisha kazi. Nilijidanganya kwamba huenda alijulikana kwa njia nyingine, huenda daktari, huenda dereva. Siku moja nikashindwa, nikapanda basi mpaka kijijini kwao. Nilimkuta barazani, mwembamba kweli kama jina lake, macho yamepofuka kabisa. Nikasema shikamoo, nikijiandaa kujitambulisha.

"Marahaba, Athumani," akasema. "Umechelewa."

Nikaanza kulia pale pale, nikamwambia yote, kinyozi, kicheko, kiti. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kwamba nje ya nyumba yake na daktari wake alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani, kwa hiyo pale jukwaani, karatasi mkononi, kabla kicheko hakijaisha, alishajua ni nani.

"Mbona hukunifukuzisha kazi, mzee?"

"Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe. Kukusamehe nimekusamehe, tena zamani. Lakini nikwambie ulichokichukua, maana naona hukijui. Si uwaziri, huo ungeniponyoka tu. Mwaka mzima mimi nilikuwa najificha, Athumani. Ofisini, barabarani, mpaka msikitini. Siku tano tu ndizo nilizokuwa sijifichi. Ulinimalizia hizo."

Alinipa chai. Nikamimina mwenyewe, nikamshikisha kikombe. Mwaka uliofuata nilipata habari za msiba wake nikiwa safarini, hata kumzika sikumzika.

Basi ndiyo hayo, mwanangu. Nasaha yangu si ndefu. Mtu akilala mahali pamoja nawe, akavua viatu, akavua saa, akavua nywele zake, amekuamini hata kama hakukuambia neno. Ulichokiona hapo ni amana. Si chako cha kuchekeshea watu, hata awe bosi mkali namna gani, hata awe amekunyima likizo. Yule mama anaumwa, Rehema. Wewe umezaliwa mji wa mahospitali, binti yangu anauguza watu kama yeye kila siku, hukujiuliza nywele za mtu mzima zimekwenda wapi, kama si kwa dawa kali za ugonjwa? Miezi yote hiyo anakuja kazini na wigi lake, anawakaripia, nanyi hamkujua kitu. Alifika msituni, akaona kumepambazuka, ndege wanalia, hakuna mtu, akasema ngoja na mimi nipigwe upepo kidogo.

Usilie sasa. Au lia, lia tu, ni haki yako, chukua kitambaa hicho. Kuifuta ifute, na wale watatu waambie waifute, lakini usijidanganye kwamba kufuta kunatosha. Utakwenda kwake. Si ujumbe wa simu, si barua pepe. Utaenda kwa miguu yako, umtazame usoni, useme ni mimi. Huenda akakufukuza kazi, na akikufukuza utakuja hapa utakula wali wangu mpaka upate nyingine. Huenda akakusamehe, huenda asikusamehe, hilo ni lake. Unasema unamwogopa. Mwogope, lakini nenda.

Mungu akulainishie ulimi, mwanangu, akupe miguu mizito ya kukimbia na myepesi ya kurudi. Akupe rafiki watakaokuona umeanguka wakufunike. Akupe uzee wenye usingizi, ule ambao mimi sikuupata. Na yule mama ampe afya, nywele zake ziote tena, azisuke apendavyo.

Mimi nilingoja miaka sita, na mtu wangu alikuwa bado yupo. Wako anaumwa, mwanangu. Nenda kesho.