Mwanafunzi wa Fundi Kufuli

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, maana hapakuwa na dirisha la maana pale ambalo halikuvaa kazi ya mikono yake. Mumewe alikuwa Fundi Kufuli. Kwa miaka ishirini na nane walifanya kazi katika chumba kimoja kilichotazama barabara, yeye na cherehani yake upande wenye mwanga, mumewe na jiliwa lake la kubania vyuma upande wa ukutani, wakitaniana mchana kutwa kwa sauti za kuzishinda kelele za vyombo vyao.

Kiharusi kilimkuta mumewe asubuhi, anavaa viatu. Mungu si Athumani, hakikumuua, na ulimi kiliuacha salama. Lakini mkono wa kulia ulibaki ukining'inia kama mkono wa shati lililoanikwa, na mguu ukawa wa kuburuta. Daktari wa mazoezi ya viungo alimpa mpira wa kubinya. Akausukumia uvunguni. Wateja wakibisha hodi, jibu lilikuwa lile lile: "Waambie nimefunga."

Kilichomuumiza Mama Pazia hakikuwa mkono ule. Kilikuwa kimya. Mtu aliyekuwa akipiga soga hata na kufuli lenyewe, sasa anamaliza kutwa hajasema maneno kumi.

Kitu kimoja tu alikitaka bado: kanda yake ya kungfu, filamu ya Kichina ya zamani, picha imechujuka na sauti inakwaruza. Aliiona mara ya kwanza kwenye jumba la sinema kabla hawajaoana, akampeleka mchumba wake aione naye. Mchumba akalala begani mwake tangu mwanzo hadi taa zilipowashwa. Sasa kila baada ya chakula cha mchana mumewe aliiweka kwenye deki, na Mama Pazia akashona akiwa ameipa mgongo, akisikia tu watu wakipiga mayowe na kurushana ukutani.

Siku moja sindano ya cherehani ilikatika. Alipokuwa akitafuta nyingine, akageuka, akajikuta anatazama. Kijana amepanda mlima mrefu kuomba afundishwe kupigana. Mzee mwenye nyusi nyeupe hata hamtazami, anamtupia ndoo mbili akachote maji bondeni. Kesho maji. Keshokutwa maji. Theluji inaanguka, maji.

"Huyu atapigana lini?" aliuliza.

"Subiri."

"Si atakufa na ndoo mkononi!"

"Steringi hafi, mke wangu. Ila maji atayabeba." Mumewe alisogea kwenye kiti. "Na hapo ndipo penye filamu. Ngumi ni chumvi tu. Usimtazame kijana, mtazame mzee."

Mama Pazia akamtazama mzee. Kijana alijikwaa kwenye ngazi, maji yakamwagika, na yule mzee, ambaye siku zote alijifanya hana habari naye, akafumba macho kama aliyechomwa mwiba. Kisha akafumbua, akaendelea kufagia.

Mama Pazia akaacha kutafuta sindano. Alimwona mumewe naye amefumba macho. Akaelewa kwamba miaka yote hiyo mume wake hakuwa akiitazama filamu ile kwa ajili ya mateke. Alikuwa na ufundi wa kutosha kufundisha watu kumi, na hakuwahi kupata hata mmoja. Binti yao pekee alichagua chaki, sasa anafundisha hesabu mji wa mbali.

Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya mumewe na kandambili zake, ndoo ya maji kila mkono.

"Mwalimu," alisema, "nimekuja kujifunza vitasa."

"Umeingiwa na nini wewe?"

"Hata yule mzee alikataa siku ya kwanza."

Mumewe alizitazama ndoo. Akamtazama mkewe, kifua juu, pumzi zinamtoka kama ng'ombe wa jembe. Akacheka. Alicheka mpaka akapaliwa, na machozi yakamtoka kwenye jicho la kulia ambalo tangu augue lilikuwa kavu.

"Weka chini, utavunjika kiuno. Chukua tupa."

Wiki tatu alipiga tupa tu, kuchonga vipande vya chuma viwe funguo, na mumewe hakumwachia kosa hata moja. "Hiyo ni tupa, mama, si kijiko. Mbona unakwangua sufuria?" Malengelenge yakatoka, yakapasuka, yakawa sugu. Wiki ya nne mumewe alimwambia ajifunge macho kwa kitambaa, akampa kitasa na waya mwembamba, atafute pini za ndani kwa kugusa.

"Usilazimishe," alimwambia. "Kitasa ni kama mtu mwenye haya. Ukikibana, kinanyamaza."

"Kama wewe."

"Haya, kama mimi."

Miezi miwili ilipopita, jirani alikuja mbio alasiri. Mama mkwe wake, mkunga mstaafu, ameteleza bafuni, na kitasa kimekwama kwa ndani.

"Mke wangu, beba mkoba," alisema Fundi Kufuli.

Walikwenda wameshikana, yeye akiburuta mguu. Ukumbini akapewa kiti. Mama Pazia alipiga magoti mlangoni, akatoa waya. "Njoo basi unielekeze."

Mumewe akageuza kiti, akampa mgongo.

Pini ya kwanza ilikubali, ya pili, ya tatu. Ya nne ikateleza na zote zikarudi chini. Sauti ikatoka ndani: "Nyie, mimi nimezalisha nusu ya mtaa huu, hakuna mtoto aliyekawia hivi!" Mama Pazia akacheka, na kucheka kukamlegeza vidole. Akaanza upya, macho ameyafumba. Mlango ukafunguka.

Aligeuka. Mumewe bado alikuwa ametazama ukuta, mkono mzima umeukumbatia ule mgonjwa, na mabega yakimtikisika.

Walipokaribia nyumbani, mumewe alisema: "Ile ya nne ulikuwa na haraka."

"Najua."

"Lakini umefungua, fundi."

Hakuwahi kumwita hivyo.

Mpira ulitolewa uvunguni jioni ile ile. Mkono haukurudi wote. Baada ya mwaka uliweza kushika kikombe na kufunga vifungo vya shati isipokuwa cha juu. Kwa vitasa haukufaa tena, nao wawili wakaacha kulisubiri hilo. Asubuhi Mama Pazia hushona mapazia. Mchana huhamia kwenye jiliwa, mumewe ameketi karibu naye, anaongea wala hapumziki, na mteja akiingia kuuliza kama fundi yupo, mzee hujibu kwa kidevu tu, akimwelekezea mkewe.